Joto la Jengo la Sita

Majira ya baridi ya mwaka uliopita Bibi Miao Guilan aliyapitisha akiwa ndani ya koti la pamba. Alipika nalo, akala nalo, akalala nalo, na yote hayo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mabomba ya joto yalikuwapo, meupe, mazuri, yamebanwa ukutani chini ya kila dirisha, ila ndani yake hamkuwa na kitu. Hata hivyo aliyafuta vumbi kila wiki, kwa upole, kama mtu anayemtunza mgonjwa asiyeamka.

"Unayasugua ya nini?" aliuliza mumewe, Mzee Debao. "Hata jini hatoki humo."

"Nayasugua yasije yakasema tumeyatupa."

Si kwamba mji mpya wa Luanbei haukuwa na joto. Kiwanda cha joto kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitoa moshi wake mweupe, na bomba lake nene lilipita mbele kabisa ya lango la makazi yao, yaliyopewa jina la Kasri za Danube. Shida ilikuwa kanuni. Watu wa joto hawafungulii jengo maji ya moto mpaka nusu ya nyumba zake ziwe zimelipiwa, kwa sababu maji hayo yakipita kwenye vyumba vitupu hupoa njiani, na yule aliyelipa huishia kupata maji ya uvuguvugu na hasira. Sasa Jengo la Sita lilikwenda juu mpaka shingo ikakuuma kulitazama, na waliokaa ndani walikuwa wachache kiasi kwamba lifti ikisikika inapanda, Bibi Miao na mumewe waliacha kutafuna wakasikiliza inasimama wapi.

Walikujaje huko? Kwa ajili ya Haibo, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Beijing na kutaka kuoa. Nani anampa binti yake kijana asiye na nyumba? Na nyumba za Beijing zilikuwa na bei ambazo mtu wa kawaida huzisoma tu, kama anavyosoma habari za nyota. Ndipo dalali mmoja mwenye shati jeupe alipopita kijijini kwao na basi la bure, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa, akawapeleka kuuona mji juu ya meza. Ulikuwa mji kamili, mdogo, unawaka taa: hapa stesheni ya treni, pale hospitali, kule shule, katikati ziwa, na kwenye ziwa bata maji mweupe wa ukubwa wa punje ya mchele. Mzee Debao alimpenda yule bata kuliko vyote. Wakauza nyumba ya kijijini na miti yao ya matufaha. Haibo na mchumba wake Ruolin wakaongeza akiba yao yote. Wengine kwenye basi lile walinunua nyumba tatu tatu, kama mtu anavyonunua kabichi za kuweka kwa majira ya baridi, na hakuna aliyenunua ili akae. Walinunua ili bei ipande wamuuzie mtu mwingine, naye asubiri ipande amuuzie mwingine tena.

Kisha bei ikasimama. Kisha ikaanza kushuka, polepole, bila kelele. Ziwa lilichimbwa kweli, ila bata hakuja. Wazee wakahamia kwenye nyumba ya mtoto wao kwa kuwa hawakuwa tena na nyingine, na Haibo na mkewe wakabaki Beijing kwenye chumba cha kupanga.

Mwaka huu sasa Ruolin alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa katikati ya baridi kali. Mwenye chumba cha Beijing alishasema hataki kilio cha mtoto mchanga mle. Na kwetu mzazi aliyetoka kujifungua hukaa mwezi mzima ndani, haguswi na upepo wala maji baridi, na mwezi huo hukaa chini ya paa la watu wa mumewe. Akienda kwa mama yake, majirani huulizana kuna nini. Lakini mama yake Ruolin, aliyeishi kusini kabisa, mkoa wa Guangdong, ambako hata mwezi wa kwanza watu hutembea na viatu vya wazi, hakuwa mtu wa kuogopa majirani. Alimpigia Bibi Miao simu, akaenda moja kwa moja.

"Dada, sitaki kukuvunjia heshima. Nyumba yenu ina joto au haina?"

"Litakuwapo."

"Sikuulizi litakuwapo. Mwaka jana mwanangu alikuja kwenu mwaka mpya akarudi na vidole vimevimba. Kama hakuna joto nitamchukua azalie huku, na watu waseme wanavyotaka."

"Dada, litakuwapo," alisema Bibi Miao. "Nakuahidi mimi."

Alikuwa keshaanika kunazi nyekundu, keshanunua sukari guru na mtama wa manjano wa uji wa mzazi, na kwenye roshani alifuga kuku wawili wa supu, jambo lililokatazwa na uongozi wa makazi. Aliamini kwamba mtoto humjua kwa harufu yule anayemshika mwezi ule wa kwanza. Ukikosa mwezi huo, kwa mjukuu wako utabaki mgeni mwenye zawadi.

Basi akaenda ofisi ya joto. Msichana wa dirishani alikuwa akimenya mbegu za alizeti.

"Shangazi, Jengo la Sita tena?"

"Tena, mwanangu. Mwaka huu tuna mzazi."

"Hongera. Leta nusu, tutafungua."

"Mimi nitailetaje nusu? Mimi ni nyumba moja."

"Zungumza na majirani."

"Majirani gani?"

Msichana aliacha mbegu, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Shangazi, mimi mwenyewe nina nyumba Jengo la Nne. Nalala kwa mama."

Bibi Miao alikwenda kwa Mzee Fan, mlinzi wa lango, aliyekaa chini ya sanamu ya farasi mwenye mabawa akisikiliza redio. Mzee Fan alikuwa na namba za simu za wenye nyumba wote, na kwa mikate michache ya mvuke alimruhusu azipige kutoka kibandani kwake. Akapiga siku nyingi. Mmoja alikuwa Shanghai, akacheka mpaka akakohoa: "Shangazi, nyumba yangu hata choo haijawekewa, nilipie joto la buibui?" Mwingine alidhani ni dalali, akauliza kwa pupa kama amepata mteja, alipoelewa, akasema atalipa, kwa sababu mama yake pia alikuwa mtu wa kuhangaika hivyo. Mama mmoja mwenye nyumba tano alisema akilipia joto tano atakufa yeye kwa njaa, ila akakubali moja. Walipatikana wengi kuliko alivyotarajia, lakini ukiwajumlisha na wakazi waliokuwamo, nusu bado ilikuwa mbali.

Ndipo alipoyakumbuka madirisha mekundu.

Jioni, ukisimama chini uwanjani na kulitazama Jengo la Sita, lilikuwa jeusi tii, isipokuwa taa nyeupe chache za watu kama wao na madirisha kadhaa yenye mapazia yaliyofungwa daima, ambayo nyuma yake mliwaka mwanga mwekundu wa chini. Haukuzimwa hata ukiamka alfajiri. Kila mtu wa kwetu anajua mwanga mwekundu chumbani maana yake nini. Ni taa za arusi.

"Maarusi wapya," alimwambia mumewe. "Wamejaa humu na sisi hatujui. Wanafanya kazi mbali, wanaondoka mapema, wanarudi usiku. Watoto wa siku hizi wana aibu kuliko sisi."

"Na hawazimi taa?"

"Wewe ulizima yetu?"

Mzee Debao akaona haya, akachukua gazeti.

Bibi Miao alipanda na kushuka kwa lifti akigonga milango hiyo, kuanzia ule uliokuwa chini ya miguu yao kabisa, ghorofa ya kumi. Hakuna aliyefungua. Wala hakusikia televisheni, maji, wala mtu kukwaruza kiti. Akaona labda wanaogopa wageni. Akatengeneza vifurushi vya kunazi na karanga, vile anavyopewa bibi arusi ili apate mtoto upesi, akavitundika kwenye vitasa, na kila kimoja akakitilia kikaratasi: Sisi ni majirani wa ghorofa ya kumi na moja, tunaomba tuzungumze habari ya joto. Siku zikapita, vifurushi vikabaki vinaning'inia. Kimoja tu cha ghorofa ya tatu kilipotea, naye akafurahi, mpaka alipoona maganda ya karanga kibandani kwa Mzee Fan.

"Wewe Fan, umekula karanga za maarusi?"

"Maarusi gani, dada Miao?"

"Wa madirisha mekundu."

Mzee Fan aligeukia redio. Alipunguza sauti ya redio, kisha akaiongeza tena. "Hao," alisema, "si watu wa kula karanga."

"Wana meno mabovu wote?"

"Dada, mimi nalinda lango. Wakija wenyewe utaongea nao. Mwanzo wa mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani huja."

Mwanzo wa mwezi wa kumi ndiyo siku ya kuwapelekea wafu nguo za baridi. Watu hununua makoti ya karatasi, suruali za karatasi, hata viatu, wakavichoma njiapanda ili wazazi wao huko waliko wasitetemeke. Bibi Miao naye alimchomea mama yake kila mwaka. Kwa hiyo hakushangaa magari yalipoanza kuingia asubuhi hiyo, mengi kuliko alivyowahi kuyaona pale, na watu kushuka na mafurushi ya karatasi za rangi, machungwa na vijiti vya udi. Aliwaza: watu wamekuja kwa wafu wao, wamepitia nyumbani kwanza. Akavua aproni, akachana nywele kwa maji, akashuka mbio.

Akasimama mlangoni pa lifti, ukumbini chini. Ndani waliingia naye mwanamume mmoja wa makamo na dada yake, watu wa mjini, nguo safi. Mwanamume akabonyeza kumi.

"Kumi," alisema Bibi Miao, moyo ukimruka. "Mlango wa kushoto?"

"Ndiyo," alisema yule dada, kwa mashaka.

"Kumbe ni ninyi. Mimi niko juu yenu. Kama tunakanyaga kanyaga sana mtusamehe, mume wangu ana visigino kama nyundo."

Wale wawili wakatazamana. Waliitwa Shen, walitoka Tianjin. Mwanamume alikuwa Peijun, dada yake Peiwen. Lifti ilipofunguka Bibi Miao alitoka nao, akiwaeleza yote kwa pumzi moja: kanuni ya nusu, mkwe wake, mama wa mkwe huyo kule Guangdong, vidole vilivyovimba. Peijun alikikuta kile kifurushi kwenye kitasa, akakishika asijue akiweke wapi.

"Shangazi," alisema, "sisi hatukai hapa."

"Najua, mnakuja mara moja moja. Lakini nani anaacha taa inawaka?"

"Ni ya mama."

"Mama yenu anakaa humu peke yake? Mzee, kwenye baridi hii, na mnakuja mara moja moja?" Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Mwanangu, samahani, hayanihusu, lakini mimi nimo juu yake hapa kila siku. Mngesema tu, ningemletea uji."

Peiwen aliufungua mlango.

Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji tupu, kama kampuni ya majengo ilivyokikabidhi. Hapakuwa na kitanda wala kiti. Katikati ya ukuta palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, juu yake taa mbili nyekundu za umeme zenye umbo la mshumaa, bakuli la majivu ya udi, picha ya mwanamke mnene anayecheka, na mbele ya picha kisanduku cha jiwe la kijani, kidogo, mtu angeweza kukibeba kwapani.

Bibi Miao alishika fremu ya mlango.

"Kaburi la kuzikia majivu huko Tianjin," Peijun alikuwa akisema nyuma yake, haraka, kama mtu aliyekwisha kujieleza kwa wengi, "mita moja ya ardhi tu inazidi bei ya nyumba hii nzima. Na baada ya miaka ishirini unalipia tena. Hapa ni miaka sabini, ana dirisha, ana jua. Si sisi peke yetu, Shangazi. Jengo hili wapo wengi."

"Madirisha yote mekundu?"

"Yote."

Kilichompitia Bibi Miao kichwani kwanza hakikuwa woga, na baadaye jambo hilo lilimtia aibu. Kilichompitia kichwani kilikuwa hesabu yake kuvunjika, maarusi wote kutoweka kwa mara moja, na mkwe wake kwenye treni ya kwenda kusini. Alimtazama yule mwanamke wa pichani. Alikuwa na uso wa mtu wa kucheka na majirani.

"Alikuwa anaogopa baridi?" aliuliza.

Peiwen hakutegemea swali hilo. "Sana," alisema. "Alikuwa akilala na soksi mbili."

"Basi mmekuja kumletea koti la karatasi."

"Ndiyo."

"Mletee na joto, binti yangu. Mimi sijui wafu wanahisi nini. Lakini kama mnaamini koti litamfika, kwa nini joto lisimfike? Bomba hilo hapo, chini ya dirisha lake. Linagusa meza."

Peijun alisema huo ni upuuzi. Alisema kwa heshima, lakini alisema. Dada yake aliliendea lile bomba akaliwekea kiganja, akakaa hivyo, na alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Ni barafu, kaka," alisema. "Mama yuko kwenye barafu."

Wale wenye nyumba za madirisha mekundu walikuwa na kundi lao la kuzungumza kwenye simu, la kukumbushana taa zilizoungua na siku za kuja. Peiwen aliandika humo siku hiyo hiyo: kwamba yeye anamlipia mama yake joto. Hakuandika zaidi. Ila ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama wa fulani wa ghorofa ya kumi atapata joto, na baba yako wa ghorofa ya kumi na mbili abaki anatetemeka, na watu wote kundini wanaona? Mmoja akalipa, wa pili akalipa, wa tatu akauliza kama anaweza kulipia miaka mitatu kwa pamoja. Kabla ya juma kwisha, msichana wa mbegu za alizeti alimpigia Bibi Miao mwenyewe.

"Shangazi, umewafanyaje watu? Jengo lako limevuka nusu."

Maji ya moto yalipoingia, mabomba yaligonga na kuguna ukutani jioni nzima, kama mtu anayeamshwa asiyetaka. Mzee Debao alikaa ameegemeza mgongo kwenye lile la sebuleni, miguu ameinyoosha. "Wafu ni majirani wema," alisema. "Hawapigi muziki, na wanalipa."

"Nyamaza."

"Nasifu."

"Debao, kitanda cha mtoto tutakiweka wapi?"

"Pale, karibu na bomba."

"Pale chini yake kuna nini?"

Mzee Debao akatazama sakafu. Akavuta miguu yake.

Jambo hilo Bibi Miao alikuwa amelikwepa mchana kutwa, na sasa lilikaa naye mezani. Mtoto ambaye hata mwezi hajatimiza, roho yake haijashika vizuri mwilini, kila mtu anajua hivyo. Hata kupita karibu na msiba hapitishwi. Na mama yake naye mwili bado uko wazi. Yeye angewalaza juu ya kisanduku cha majivu, na kingine juu ya vichwa vyao, ghorofa ya kumi na mbili, na vingine kuwazunguka. Angewasha joto lililonunuliwa kwa ajili ya wafu, akamfunua mjukuu wake nguo humo. Alijaribu kujiambia ni mawazo ya kizamani. Akaenda jikoni, akaosha mtama, akasimama nao mikononi.

Alimpigia Haibo akamweleza yote. Nyuma ya Haibo zilisikika honi za Beijing.

"Nani mwingine anajua?"

"Mlinzi. Hao wenyewe."

"Mama, nisikilize. Ruolin asijue. Mama yake ndiyo kabisa. Ikisambaa kwamba jengo letu ni makaburi, hatutamuuzia mtu hata kwa bei ya mlango. Akiba yake yote imo humo, Mama, si yetu tu."

"Simwambii. Lakini aje? Mtoto alale pale?"

Haibo hakujibu.

"Haibo, wewe ndiye baba. Sema aje, nitanyamaza, nitamtandikia. Sema asije, nitajua la kumwambia."

"Mimi nitasemaje, Mama," alisema Haibo, na sauti yake ikawa ile ya utotoni, alipokuwa akivunja kitu. "Mimi sijui. Wewe unaonaje?"

Bibi Miao akajua kwamba hakuna mtu wa kumsaidia kulibeba.

Alimpigia Ruolin kesho yake, mchana, akiwa amekaa kwenye ngazi nje ya nyumba, kana kwamba kuta zingemsikia akisema uongo. Alimwambia joto halikupatikana. Alimwambia amehangaika, watu wamekataa, jengo ni baridi kama mwaka jana, aende tu kwa mama yake, na asiwaze maneno ya watu.

"Kweli hakuna njia, Mama?" aliuliza Ruolin. "Nilikuwa nimeshakata tiketi ya kuja kwenu."

"Hakuna, mwanangu."

"Mama Miao, na nilitaka nije." Akacheka kidogo. "Wewe hunikemei nikila pilipili. Mama yangu ananikemea."

Bibi Miao aliiweka simu kifuani, akaishikilia hapo mpaka alipoweza kusema tena. "Nenda kwa mama yako," alisema.

Mtoto alizaliwa kusini, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Haibo alituma picha. Bibi Miao alizitazama mpaka simu ikawa ya moto mkononi. Aliomba amwone akiwa anapumua, si picha tu, na siku moja, mtoto akiwa bado hajatimiza mwezi, simu ya video ikaita yenyewe, kutoka Guangdong.

Aliipokea mbio, alivyokuwa. Na jinsi alivyokuwa ndiyo shida yenyewe. Joto la kwetu halina kipimo. Likija limekuja, wala nyumbani huna pa kulipunguzia. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na ndani Mzee Debao alikuwa na fulana ya ndani, yeye Bibi Miao na blauzi nyembamba ya mikono mifupi, uso unang'aa jasho, na dirisha nyuma yake limefunguliwa nusu ili wapumue.

Mama yake Ruolin ndiye aliyeishika simu. Alimwonyesha mtoto, kidole kwa kidole, na Bibi Miao akasema kila neno tamu alilolijua, na mtoto akapiga mwayo, akafumba macho. Kisha picha ikarudi kwa yule mama wa kusini, naye akawa anakitazama kioo, ametulia, macho yakishuka na kupanda.

"Dada," alisema, "mbona umevaa hivyo?"

"Nilikuwa... nilikuwa napika."

"Unapika na blauzi ya kiangazi, na dirisha wazi, na theluji naiona hapo nyuma."

Bibi Miao aliwaza kusema joto lilikuja baadaye. Aliwaza kusema kweli. Aliona mtoto wa watu ambaye akiba yake yote imo ukutani, aliona kisanduku cha kijani, aliona Haibo. Mzee Debao, aliyekuwa ng'ambo ya meza, alitikisa kichwa polepole.

"Limefika juzi tu," alisema Bibi Miao.

"Juzi."

Kutoka pembeni, mahali ambapo simu haikuonyesha, sauti ya Ruolin ilisema kwa upole, kwa uchovu wa mzazi, "Mama, kata tu. Nilikwambia. Walijua ni msichana, hawakumtaka."

"Hapana," alisema Bibi Miao. "Ruolin, hapana, sikia, si hivyo, mwanangu, si hilo kabisa..."

"Basi ni lipi?" aliuliza yule mama.

Walimngoja. Lazima isemwe kwamba walimngoja. Kioo kilionyesha dari ya watu wa kusini na feni yake isiyozunguka, na ikasikika pumzi ya mtoto. Bibi Miao alitafuta neno la kusema ambalo lisingekuwa uongo wala kweli, na hakuna aliyewahi kumfundisha neno la namna hiyo.

Simu ikakatwa.

Alikwenda kabatini akatoa koti la pamba, akalivaa kana kwamba joto halijafika, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akafunga na dirisha. Akakaa kitini, akapiga simu ya video yeye mwenyewe. Kwenye kioo alijiona mwenyewe, mdogo, kwenye koti lake nene, jasho likimshuka kutoka kwenye nywele, na simu ikaita huko kusini, ikaita, akaiacha iite.